Inchi Moja ya Wivu

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kuhusu wivu hawakutuachia neno la kutosha, kwa hiyo tujisemee wenyewe: wivu ni kwikwi. Hukushika mbele za watu, kila mtu hukushauri unywe maji, na ukijibana isitoke, hutoka na sauti ya chura.

Fundi Suti ilimshika kwenye karakana ya matairi. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu lililofanywa kiti cha wateja, magoti yanakaribia kidevu, mikononi amepakata mkoba wa mkewe. Mtu mzima, fundi anayejulikana, ambaye meneja wa benki akipita mbele ya duka lake husimama wima bila kuambiwa asije akapimwa amejikunja. Leo kapewa mkoba ashike.

Hatua chache mbele yake mkewe alikuwa amechuchumaa kando ya gari pamoja na Jeki, mwenye karakana, vichwa vyao karibu vigusane, wakitazama tairi kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Mke huyo mchana alikuwa mtumishi wa hospitali, chumba cha eksirei, kazi yake kupiga picha mifupa ya watu na kuwaambia wasitikisike. Labda ndiyo sababu akitoka kazini alitaka vitu vinavyotikisika. Miaka kadhaa alijibana mpaka akanunua gari la mbio lililokwisha kutumika, la milango miwili, buluu iliyoiva, limeinama chini kiasi kwamba kuingia ni kama kuingia kitandani na kutoka ni kama kutoka kaburini. Baadhi ya Jumamosi alikwenda nalo kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambako chama cha wapenda magari hupanga koni za plastiki na kushindana nani atazizunguka upesi bila kuiangusha hata moja. Huko walimpa jina la Bibi Kona. Nyumbani aliendesha taratibu, kwa heshima ya matuta na majirani.

Sasa basi, wiki iliyotangulia shimo la barabarani lilikuwa limeipasua rimu moja, kile chuma cha duara kinachovikwa tairi, na matairi yaliyobaki yalikuwa yameanza kuota kipara. Jeki alimwazima gurudumu la kuendea kazini. Jumamosi ya mashindano ilikuwa inakaribia. Ilibidi achague magurudumu mapya manne, na ndicho walichokuwa wanajadili tangu chai ya asubuhi ilipokuwa ya moto.

Jeki alieleza kwamba mpira laini unashika lami kama mtoto anayekataa kwenda shule, ila unaisha mapema. Ule mgumu unadumu, lakini kona ikikaza unakuaga. Bibi Kona akauliza habari za mvua. Jeki akambonyezea ubavu wa tairi moja kwa kidole gumba. Bibi Kona naye akabonyeza palepale. Fundi Suti akaona vidole gumba viwili mahali pamoja, na kwikwi ikampanda.

Akaona afadhali achangie. Akasema wachukue yale yenye nakshi nzuri.

Wakamgeukia wote wawili, kwa upole ule ambao watu humpa mgonjwa. Jeki akasema, "Shemeji, nakshi ni ya maji kupita. Lakini umesema vizuri." Kisha wakarudi kwenye tairi lao.

Shemeji. Fundi Suti alilitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa hesabu zake, mtu akikuita shemeji bila undugu wowote, chunguza kama vijiko vyako vimetimia. Na kilichomuuma zaidi, kwa kuwa jicho la fundi haliendi likizo, ni ile ovaroli. Ovaroli ya kazi kwa kawaida ni gunia lenye zipu. Ya Jeki ilimkaa. Mabega yalikuwa mahali pa mabega, kiuno kimebanwa kidogo kwa nyuma, suruali inaanguka juu ya buti bila mkunjo. Kuna mtu aliipima. Fundi Suti akajikuta ana wivu na Jeki kwa ajili ya mkewe, na wivu wa pili na fundi asiyemjua kwa ajili ya Jeki.

*

Dukani kwake Fundi Suti alikuwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa akiuza vifungo, zipu na habari. Vifungo na zipu aliviuza. Habari alitoa bure, na mteja hakuruhusiwa kurudisha.

Dada huyo alimsikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema yeye si mtu wa kutia maneno katika nyumba ya watu. Kisha akayatia. Akataka kujua ni tairi gani linalochaguliwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakati yeye alichagua mume kwa muda mfupi kuliko huo, tena mume hana dhamana. Akauliza kama wifi yake siku hizi anapuliza manukato akienda kujaza upepo. Fundi Suti akasema hapana, ila juzi alfajiri mkewe alisema maneno usingizini.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Lipashe moto kwanza, usilikimbize likiwa baridi.'"

Dada mtu akaweka mkasi mezani. Alikaa kimya muda mrefu kwa kadiri ya uwezo wake, ambao haukuwa mrefu. Ungemweleza kwamba matairi ya mbio hupashwa moto kwa mizunguko michache kabla ya mashindano, asingekubali. Maana ya kwanza ilikuwa imeshamkolea.

"Mdogo wangu," akasema, "mwanamume akimtunzia mwanamke kitu anachokipenda, kesho atatunza na mwenye kitu."

Hapo ndimu ikawa imekamuliwa mpaka kokwa. Fundi Suti alishona mkono wa koti kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume vilevile. Jioni alikuwa ameamua. Magurudumu yale atayachagua yeye. Atayanunua kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani mpya, yatafungwa mkewe akiwa kazini, na mkewe akirudi atayakuta, atashangaa, atauliza nani, naye atajibu kwa sauti ya chini, kama watu wasiojisifu: mimi. Na Jeki abaki na vidole gumba vyake.

Mtu mwingine angeanza kwa kuuliza. Lakini mwenye wivu kuuliza kwake ni kama kuvua nguo sokoni, na wa kumuuliza alikuwa Jeki au mke. Fundi Suti akaona hana haja. Kupima si ndiyo kazi yake? Amepima vitambi vilivyokanwa na wenyewe, amepima mabega yaliyotofautiana kama ndugu wasioelewana. Chuma cha duara kitamshinda nini?

Rimu iliyopasuka ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya vitambaa. Aliibeba akaiweka juu ya meza ya kukatia, chini ametandika kitambaa cha mazoezi isije ikachafua. Ikiwa tupu, bila tairi, ilimwonea huruma, au yeye aliionea. Akaanza na matundu ya nati. Aliweka karatasi ya patani, ile ya kuchorea mkato wa nguo, juu yake, akapitisha chaki kila tundu kwa uangalifu, na la katikati pia, akakata kwa mkasi mwembamba. Patani ile ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuivalisha rimu ikaenda nayo harusini.

Kisha akatoa tepu shingoni. Akapima kutoka ukingo hadi ukingo, kama apimavyo kila kitu, maana nguo huishia pale kitambaa kinapoishia. Inchi kumi na tisa na kitu kidogo. Akazungusha rimu, akapima upande mwingine. Kumi na tisa na kitu kidogo. Hicho kidogo akakisamehe.

Alipoigeuza kuifuta vumbi aliona, kwa nyuma, kwenye chuma chenyewe, tarakimu zimepigwa chapa: kumi na nane.

Sasa tusimhukumu haraka. Jiweke mahali pake. Maisha yake yote watu wamekuja dukani wakasema, fundi, mimi navaa saizi fulani, lebo ndiyo inasema, akawapima akakuta uongo mtupu. Suruali ya kati ya kiwanda hiki ni kubwa ya kiwanda kile. Bwana mmoja aliapa kiuno chake ni thelathini na mbili na tepu ikamwaibisha mbele ya mchumba wake. Kwa Fundi Suti lebo ilikuwa uvumi, na tepu ndiyo shahidi. Aliitazama ile kumi na nane kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mteja mwongo, akasema peke yake, "Na nyinyi pia?"

*

Muuzaji wa rimu wa upande wa pili wa mji alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayejua hesabu ya kila kitu kilichoning'inia ukutani mwake. Aliipokea patani, akaizungusha kwenye mwanga, akakiri kwamba hajawahi kuletewa karatasi nzuri namna ile. Fundi Suti akavimba kifua. Mama akauliza kama gari lenyewe linavaa kumi na tisa tangu kiwandani.

"Nimepima mwenyewe," akasema Fundi Suti.

Mteja akishasema amepima mwenyewe, muuzaji amebakiwa na nini tena? Mama akapandisha miwani. Akauliza matairi. Fundi Suti akasema yawe na upana uleule na ubavu uleule wa yaliyopo, ya rimu ya kumi na tisa. Laini au magumu? Hapo alikwama kidogo, akakumbuka Jeki amesifia yapi, na kwa kuwa Jeki amesifia laini, akachukua magumu.

Lakini rangi hakukwama. Mama alimtolea rimu nyeusi, za fedha, nyeupe zinazopendwa na vijana. Fundi Suti akazipita zote kama apitavyo vitambaa vya bei rahisi, akafika kwenye zile za rangi ya shaba iliyofifia, mikono ya rimu inayotoka katikati ikiwa myembamba kama marinda. Buluu iliyoiva huvalishwa kifungo cha shaba, hilo halina mjadala. Mama akasema zile zimekaa muda, watu hawazioni. Fundi Suti akasema watu hawaoni vitu vingi.

Siku iliyofuata, Bibi Kona akiwa hospitalini, kaenda kwa basi la wafanyakazi na kuliacha gari uani, vijana wa mama yule walikuja uani na jeki mbili. Matundu yaliingia kwenye bolti bila kusukumwa, kama kifungo katika tundu lake, na Fundi Suti akatazama huku na huku kama yupo wa kumpongeza. Alikuwapo dada yake tu. Dada alizunguka gari lote akasema, "Sasa tuone atakayejaza upepo," akaenda zake kuwapa mtaa taarifa.

Jioni Bibi Kona aliingia uani akasimama.

Aliweka mkoba chini, mkoba uleule. Akalizunguka gari mara moja. Akachuchumaa mbele ya gurudumu, akapitisha kiganja kwenye mikono ya shaba. Jua la jioni lilikuwa limeangukia palepale, na buluu ile ikawa kama ndiyo kwanza imepakwa.

"Rangi hii nani kachagua?"

"Mimi," akasema Fundi Suti, ila ile sauti ya chini aliyoifanyia mazoezi haikutoka. Ilitoka ya kijana aliyefaulu mtihani.

Mkewe akamtazama. Alimtazama hivyo mara ya mwisho lini, Fundi Suti hakukumbuka, lakini alikumbuka vizuri kwamba aliwahi kutazamwa hivyo. Pale uani, Jeki akafa. Akazikwa na ovaroli yake. Matanga yakaisha kabla mke hajafungua mlango wa gari na kusema, "Ingia twende."

Barabara ya mtaa wao ni nyoofu mpaka kwenye duka la vinyago vya plasta. Walikwenda vizuri. Fundi Suti akakaa kama waziri, kiwiko dirishani, akawapungia mkono hata watu asiowajua. Walipofika mwisho Bibi Kona akakata usukani kuingia kulia, na chini ya miguu ya Fundi Suti ikasikika sauti.

Aliijua. Kila fundi cherehani anaijua na huiota. Ilikuwa sauti ya kitambaa kikichanika.

Bibi Kona akasimamisha gari. Akashuka, akachungulia ndani ya madigadi ya mbele, akatoa kidole chenye masizi ya mpira. Akachuchumaa akasoma ubavu wa tairi. Kisha akaja dirishani kwa mumewe.

"Mume wangu, hii ni kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Gari linavaa kumi na nane."

"Hiyo ni lebo," akasema Fundi Suti. "Mimi nimelipima."

*

Hapakuwa na pa kwenda ila kwa Jeki. Kila kona njiani nguo ilichanika, na kila ilipochanika Fundi Suti alifumba macho. Mkewe aliendesha taratibu kuliko msafara wa msiba, hakumlaumu kwa neno lolote, na ndilo lililomchoma, maana lawama angejua pa kuiweka.

Jeki alikuwa anafunga. Alipoliona gari alipiga mluzi, akazisifia rimu, akasema rangi hiyo imemzidi akili. Kisha akalala chini, akatazama, akaamka akiwa na uso wa mtu anayezuia chafya. Akauliza kwa adabu zote shemeji alipimaje. Fundi Suti akamwonyesha kwa tepu ileile, ukingo hadi ukingo, juu ya rimu iliyokuwa imeegemea ukuta.

Jeki akaichukua tepu. Akaonyesha kwamba rimu haipimwi ukingoni. Tairi halikai ukingoni. Linakaa ndani kidogo, kwenye kikalio chake, na ukingo ule ni ukuta tu wa kulizuia lisichomoke. Akapima pale kwenye kikalio. Kumi na nane, bila kitu kidogo. Kwa hiyo rimu imezidi inchi nzima, ubavu wa tairi haukupunguzwa, na gurudumu lote limekuwa kubwa kuliko chumba chake.

"Lakini shemeji," Jeki akaongeza, "matundu umeyapata kama kiwanda." Akajitahidi aishie hapo. Hakuweza. Akacheka.

Bibi Kona naye akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, na mlango ulipomponyoka akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa bega la Jeki. Bega la ovaroli. Lile lililokaa mahali pake.

Fundi Suti alikuwa amekwisha kaa juu ya tairi lake la zamani, magoti kidevuni. Akagundua kwamba mkoba uko mikononi. Hakumbuki ameupokea saa ngapi.

"Chekeni tu," akasema. "Mimi mkoba nimeshauzoea."

Hakuisema kwa sauti kubwa. Lakini ilianguka kama spana kwenye sakafu, na kicheko kikakatika. Jeki si mjinga. Akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu nyuma ya karakana kinahitaji kufagiliwa. Bibi Kona akaja akachuchumaa mbele ya mumewe, kama alivyochuchumaa mbele ya magurudumu, akamtazama kwa jicho lile la kazini, la kuona mfupa uliovunjika ndani ya nyama.

"Unaumwa wapi?"

Fundi Suti akazungusha kifungo cha mkoba. Maneno yalikuwa yamepanga foleni tangu wiki ile, mengine makali, mengine ya dada yake. Lililotoka lilikuwa la mwisho kwenye foleni. "Kwa nini kila kitu unamuuliza yeye?"

"Nilikuuliza wewe kwanza."

"Lini?"

"Siku rimu ilipopasuka. Nilikuja dukani moja kwa moja. Nikakwambia nimechanganyikiwa, sijui nichukue matairi gani, nisaidie kufikiri. Ukasema, kwani matairi yote si meusi tu?" Akabonyeza sakafu kwa mguu. "Kisha ukakanyaga pedali."

Akakumbuka. Alikumbuka hata koti alilokuwa akilishona. Cherehani ilikuwa imeunguruma, na ilipotulia, mke hakuwapo mlangoni, naye alidhani ameridhika na jibu.

"Jeki nikimuuliza ananijibu," Bibi Kona akasema. "Basi. Hapo ndipo uzuri wake ulipoanzia na ndipo ulipoishia."

"Na ovaroli?"

"Ovaroli gani?"

Alimtazama vizuri, akitafuta pini iliyofichwa katika swali lile. Hakuiona. Mke alikuwa anauliza kweli. Miezi yote ile hakuwahi kuiona ovaroli ya Jeki. Angeulizwa rangi yake asingeitaja. Kwikwi ikasita, kama zinavyofanya kwikwi, ukidhani zimekwisha.

"Haya," akasema Fundi Suti. "Laini na magumu yanatofautianaje? Nieleze kama mjinga."

"Kama?"

"Nieleze."

Akaeleza. Alieleza kwa mikono, kwa magoti, kwa chaki ya mumewe sakafuni. Tairi laini likipata joto linanata, na wewe unaweza kuchelewa kufunga breki ukijua halitakuacha. Lile gumu linakutaka uwe na adabu. Uwanja ule wa zamani una lami iliyochakaa, kokoto zimetokeza, mpira laini kupita kiasi utaliwa siku moja. Fundi Suti alisikiliza. Akauliza kama hakuna lililo katikati, maana hata kitambaa, hariri ni nzuri na turubai linadumu, lakini watu huvaa pamba. Mkewe akasema lipo, na ndilo alilokuwa akililenga, ila Jeki yeye ni mtu wa laini siku zote.

"Kumbe hamkubaliani?" akauliza Fundi Suti, na ingawa giza lilikuwa limeanza kuingia, uso wake ulionekana ukiwaka.

"Tunabishana kila siku. Ulidhani tunafanya nini pale chini?"

Mama mwenye miwani alikubali kwa simu kuzibadilisha rimu, kwa kuwa hazikuwa na mkwaruzo, na alikuwa nazo za shaba ileile za kumi na nane ambazo watu hawazioni. Alitaka tu ruhusa abaki na ile patani. Matairi mawili yaliyochubuka hakuyapokea. Jeki akayapanga ukutani kuwa viti vya wateja, viwili sambamba.

*

Jumamosi Bibi Kona, juu ya matairi ya katikati, alizunguka koni zake bila kuiangusha hata moja, akawa wa tatu, akarudi akilalamikia breki. Fundi Suti alikuwa kando ya uzio na wake za madereva na waume wa madereva. Mara mbili alimsahihisha mtu kuhusu mahali rimu inapopimwa.

Baada ya hapo alizoea kwenda naye karakanani. Alikaa kwenye kiti chake kipya, mke kwenye cha pili, Jeki chini, wakabishana watatu. Siku moja Jeki akanyanyua mkono kutoa tairi ukutani na ovaroli ikamchanika kwapani, sauti ileile. Akasema kwa masikitiko kwamba aliyemshonea amehama mji. Akamtazama shemeji yake.

Fundi Suti akasema aje dukani.

Alikuja. Akasimama wima mbele ya kioo, na tepu ikamzunguka kifua, kiuno, bega. Vipimo vilikuwa vile ambavyo fundi huviomba kwa Mungu. Dada mtu, nyuma ya vifungo vyake, alimtazama mteja kwa muda, akasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba kumbe wifi yake alikuwa na hoja. Fundi Suti aliandika vipimo kwa chaki juu ya kitambaa, akakaa, akavitazama. Akachukua mkasi.

Wiki iliyofuata Bibi Kona alipita dukani akitoka kazini. Mumewe alikuwa anashona.

"Nimempita Jeki," akasema. "Mbona kavaa hema?"

"Kazi yake inataka nafasi. Anainama sana."

"Buti hazionekani."

"Vumbi halitamwingia."

Bibi Kona akaegemea mlango. Midomo yake ilikuwa imeanza kucheza. "Ulipima mwenyewe?"

"Ukingo hadi ukingo."

"Umezidisha inchi ngapi?"

Mguu wa Fundi Suti ulikuwa juu ya pedali, na cherehani ilikuwa tayari kuunguruma. Akautoa. Akainua macho, akamjibu mkewe.

"Moja tu," akasema. "Kila mshono."